Kolwezi: Mama akiugua kichwa kisha kuzaa, nani anaamua kama atazaa tena?

KOLWEZI, Lualaba – Mtoto wa tano ana miezi mitatu. Mama yake halali usiku, hata wakati mtoto amelala. Bukari inabaki kwenye sahani. Machozi yanatoka bila sababu, na siku nyingine anamtazama mtoto kama vile ni wa jirani. Kwenye kituo cha afya, muuguzi anamshauri apumzishe tumbo na achague njia ya kupanga uzazi. Nyumbani, bwana anasema jambo hilo liulizwe kwanza kanisani. Kanisani, jibu linatoka kwenye kitabu cha Mwanzo 1:28, ambapo Mungu anawaamuru watu wazae na waongezeke. Mama anafunga mdomo na kurudi nyumbani.

Mama huyo hatumtaji jina kwa sababu si mtu mmoja. Kutoka komini ya Manika mpaka Dilala, mwenye kusoma habari hii huenda anamjua wa kwao: dada, shemeji, jirani wa parseli, au yeye mwenyewe. Swali lake ni hili: kichwa cha mama kikiugua, je, huo ni ugonjwa wa kutosha ili asizae kwanza? Na nani ana haki ya kujibu?

Aya ile inayotajwa kanisani ilikuwa ya Wayahudi kabla ya kufika kwa Wakristo. Iko katika Torati yao, na wataalamu wao wa sheria, yaani marabi, wameijadili kwa karibu miaka 2,000. Wameuliza swali lile lile la mama wa Kolwezi. Majibu yao hayajulikani sana kwetu, ingawa Wayahudi waliishi hapa Katanga miaka mingi. Inafaa kuyasikia, maana yanaonyesha kwamba aya hiyo inaweza kuheshimiwa bila kumvunja mama.

Ugonjwa wenye majina mengi

Mwanamke akizaa, ni kawaida alie kidogo na moyo wake ubadilike-badilike kuanzia siku ya tatu hivi. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Lakini ikiwa wiki mbili zimepita na huzuni haitoki, usingizi hauji, chakula hakina ladha, mama anajiona hana maana au anaogopa kwamba atamdhuru mtoto, waganga wa hospitali wanasema hiyo ni depresioni kisha kuzaa. Ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Una dalili zake, una matibabu yake, na mama hakuutaka.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema kwamba duniani karibu wanawake 13 kati ya 100 waliozaa wanapata ugonjwa wa akili, mara nyingi depresioni. Katika nchi zinazoendelea hesabu inapanda na kufika karibu 20 kati ya 100. Kwenye chumba cha chanjo wakikaa akina mama 10 na watoto wao, wawili wanaweza kuwa wanaugua bila mtu kujua.

Kuna pia ugonjwa mkali zaidi, ambao unampata mwanamke mmoja au wawili kati ya 1,000 waliozaa. Huo huanza ghafla, mara nyingi katika wiki mbili za kwanza. Mama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anasema maneno yasiyoshikamana, anakaa siku nyingi bila kulala. Hiyo ni dharura ya hospitali, kama vile kutokwa damu nyingi. Na mwanamke aliyewahi kuugua hivyo anaweza kuugua tena akizaa tena. Waganga wa akili wanakadiria kwamba hatari ya kurudi inaweza kufika karibu nusu kwa nusu. Kwa mama wa namna hiyo, uamuzi wa kubeba mimba nyingine ni uamuzi juu ya maisha yake.

Mitaani ugonjwa huu unapewa majina mengine. Kuna wanaosema amelogwa, wengine wanasema ana pepo, wengine wanasema ni uvivu au hampendi mtoto. Mara nyingi anapelekwa kwenye chumba cha maombi kabla ya kupelekwa kwa munganga, na siku zinapita. Maombi hayamzuii mtu kumeza dawa. Shida inakuja pale yanapowekwa mahali pa dawa.

Tena maisha ya hapa yanaongeza mzigo. Sababu za depresioni zinazojulikana ni pamoja na umaskini, ugomvi na kipigo nyumbani, kufiwa na mtoto, kukosa mtu wa kusaidia, na kuugua kichwa zamani. Katika mji wa migodi, kuna akina mama wanaoosha na kuchagua mawe ya madini huku mtoto yuko mgongoni. Kuna wengine wanaongoja kila jioni kama bwana atatoka salama shimoni. Mimba zikifuatana karibu karibu, mwili na kichwa havipati nafasi ya kurudi mahali pake.

Wayahudi wa Katanga

Wayahudi wa kwanza walifika Katanga mwanzoni mwa karne ya 20, wakati reli kutoka kusini ilipofika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya Mediteranea. Walikuwa wafanyabiashara. Walifungua maduka Elisabethville na katika miji mingine ya reli na ya shaba, wakiuza vitambaa, chumvi, baiskeli na vyombo vya nyumba. Karibu mwaka 1930 walijenga sinagogi, nyumba yao ya ibada, katikati ya Elisabethville. Rabi Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes, alifika mwaka 1937 na akaongoza jumuiya hiyo kwa zaidi ya miaka 50.

Mwezi wa saba 1944, jeshi la Ujerumani lilikamata Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya watu 1,600, likawapeleka Auschwitz. Waliookoka walikuwa karibu 150 tu. Familia za Katanga zilipoteza wazazi, dada na wajomba. Watu kama hao wangekuwa na sababu kubwa ya kusema kila mwanamke azae mpaka nguvu ziishe, ili kujaza pengo. Na kweli, baada ya vita marabi wengi duniani walihimiza kuzaa. Hata hivyo sheria yao haikufuta ule mlango uliokuwa wazi tangu zamani kwa mama mgonjwa.

Amri ni ya nani?

Sheria ya Kiyahudi inaanzia katika Torati, kisha inaelezwa katika Mishna, iliyokusanywa karibu mwaka 200, na katika Talmudi, ambamo mabishano ya marabi yameandikwa kwa urefu. Juu ya amri ya kuzaa, Mishna inauliza kwanza: mtu akizaa watoto wangapi amekuwa ametimiza? Shule ya Shammai ilisema wana wawili. Shule ya Hillel ilisema mvulana mmoja na msichana mmoja, na sheria ikafuata Hillel. Marabi wanahimiza watu wazae zaidi ya hapo, lakini amri yenyewe ina kipimo.

Swali la pili linashangaza zaidi: amri hiyo ni ya nani? Jibu lililokubaliwa na wengi ni kwamba ni ya mwanaume. Rabi mmoja, Yohanan ben Beroka, alipinga, akisema ni ya wote wawili, lakini sheria haikumfuata. Rabi Meir Simcha wa Dvinsk, aliyefariki mwaka 1926, alieleza sababu kwa njia ambayo mama yeyote anaielewa. Alisema Torati haimwekei mtu mzigo wa lazima unaomhatarisha. Kwa kuwa kubeba mimba na kuzaa kuna maumivu na hatari ya kifo, mwanamke hakuamriwa. Akizaa, anatoa kitu ambacho hakulazimishwa kutoa.

Talmudi ina habari ya mwanamke mmoja, Yudith, bibi wa Rabi Hiyya. Alizaa mapacha mara mbili na akateseka sana. Akabadilisha mavazi yake, akaenda mbele ya bwana yake kama vile ni mtu mgeni anayeleta swali la sheria: je, mwanamke ameamriwa kuzaa? Rabi Hiyya, bila kumtambua, akajibu kwamba hapana. Yudith akaenda kunywa dawa ya kufunga uzazi. Bwana alipojua alisikitika, alitamani angalau mimba moja zaidi. Lakini Talmudi haisemi kwamba Yudith alitenda dhambi. Habari yake imeandikwa kama sehemu ya ushahidi wa sheria.

Talmudi inataja pia aina tatu za wanawake ambao waliweza kuzuia mimba kwa kitambaa laini: msichana mdogo sana, mwenye mimba, na mama anayenyonyesha. Marabi wamebishana kama maana yake ni kwamba wanawake hao wanaruhusiwa, au kwamba wanalazimika. Katika pande zote mbili, hatari kwa mama au kwa mtoto ndiyo inayofungua mlango.

Taa ya mama kipofu

Sasa tufike kwenye kichwa. Je, huzuni na hofu ni hatari kama damu na homa?

Sheria ya Kiyahudi inakataza kuwasha moto siku ya Sabato. Lakini maisha ya mtu yakiwa hatarini, Sabato inavunjwa, na mwanamke anayezaa anahesabiwa kuwa hatarini. Basi Talmudi inaruhusu kumwashia taa. Kisha inauliza: na kama mama huyo ni kipofu? Taa haitamsaidia kuona kitu. Jibu ni kwamba hata kipofu awashiwe taa, kwa sababu moyo wake utatulia akijua kwamba wanaomsaidia wanaona wanachokifanya. Hofu yake inaweza kumdhuru, kwa hiyo kutuliza hofu ni sehemu ya kuokoa maisha.

Juu ya msingi wa namna hiyo, marabi wa karne ya 20 waliandika waziwazi kuhusu magonjwa ya akili. Moshe Feinstein (1895–1986) wa New York, mmoja wa wakubwa wa sheria wa wakati wake, alikubali kwamba ugonjwa wa akili unaweza kuhesabiwa kama hatari ya maisha. Mwanamke ambaye mimba nyingine inaweza kumrudisha katika ugonjwa huo anaweza kuruhusiwa kuzuia mimba. Leo katika jumuiya nyingi za Wayahudi washika dini, depresioni kisha kuzaa ni sababu inayotambuliwa. Rabi anasikiliza mama, anauliza munganga anasema nini, kisha ruhusa inatolewa, mara nyingi kwa muda, na inaangaliwa upya.

Kwa kuwa wanawake wengi waliona haya kumweleza rabi mambo ya mwili na ya kitanda, taasisi ya Nishmat ya Yerusalemu ilianza kufundisha wanawake kujibu maswali hayo ya sheria. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka 1999. Mama anaweza sasa kumuuliza mama mwenzake aliyesoma.

Tusiseme kwamba kila kitu ni ruhusa. Kwa Wayahudi washika sheria, njia hazilingani. Kondomu ina ubishi mkubwa kwa sababu ya habari ya Onani, Mwanzo 38, na upasuaji wa kufunga uzazi wa mwanaume umekatazwa. Vidonge na njia nyingine anazotumia mwanamke zinakubaliwa kwa urahisi zaidi. Na bwana na bibi ambao hawajapata mtoto bado wanaulizwa maswali magumu zaidi kuliko wenye watoto. Lakini hakuna mahali ambapo aya ya Mwanzo inatumiwa kumwambia mama mgonjwa kwamba ugonjwa wake si kitu.

Miezi 24, tangu zamani

Kuna hesabu moja inayorudi mahali pengi. Talmudi inahesabu kipindi cha kunyonyesha kuwa miezi 24, na inalinda mtoto katika muda huo ili mimba nyingine isimkatie maziwa. Kurani, sura ya 2 aya ya 233, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. OMS inashauri mama angoje angalau miezi 24 kisha kuzaa kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Na wazee wetu? Katika makabila mengi ya Katanga na ya Kongo, bwana na bibi walitengana kitandani wakati mtoto ananyonya, mara nyingi miaka miwili au mitatu. Mimba ikishika mapema, watu waliona ni aibu kwa baba. Kwa hiyo si kweli kwamba kuachanisha watoto ni jambo lililoletwa na Wazungu.

Kinyume chake, historia ya migodi yetu inaonyesha kwamba desturi hiyo ilisukumwa pembeni. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière ilitaka wafanyakazi wake wakae kambini na familia zao, kuliko kuleta watu wapya kila mara kutoka mbali. Watoto wa leo walikuwa wafanyakazi wa kesho. Kampuni ilijenga vyumba vya kuzalia, ikatoa poso kwa bibi na watoto, ikapima uzito wa watoto wachanga. Huduma hizo ziliokoa maisha mengi. Lakini wakoloni na wamisionari walihimiza pia watoto waachishwe maziwa mapema na mimba zifuatane. Mji wa Kolwezi ulizaliwa katika miaka hiyo hiyo. Baadhi ya mambo tunayoyaita desturi ya babu yana umri wa kambi za kampuni.

Serikali yenyewe ilirudi kwenye wazo la zamani katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, kwa mpango wa watoto wanaotakiwa, ulioitwa kwa Kifaransa Naissances désirables. Lakini huduma haikufika kwa wengi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013–2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kongo alizaa wastani wa watoto 6.6, na kati ya wanawake 100 wenye bwana, karibu 8 tu ndio waliotumia njia ya kisasa ya kupanga uzazi.

Kanisa na msikiti

Wengi wa wasomaji wetu si Wayahudi. Lakini hata katika dini zao kuna nafasi ambayo haitajwi mara nyingi.

Kanisa Katoliki, katika barua ya Papa Paulo VI ya mwaka 1968, Humanae Vitae, linakataza vidonge na njia nyingine za kisasa. Hilo linajulikana. Kisichojulikana sana ni kwamba barua ile ile inakubali kwamba bwana na bibi wanaweza kuwa na sababu nzito za kuahirisha mimba, na inataja wazi hali ya mwili na hali ya akili au moyo. Njia inayoruhusu ni kuhesabu siku za uzazi. Padri anayemwambia mama mgonjwa kwamba hana haki hata ya kungoja anasema zaidi ya Papa.

Katika Uislamu, hadithi za masahaba zinaeleza kwamba walimwaga nje wakati Mtume yuko hai na hawakukatazwa. Wanachuoni wengi wamejenga juu ya hapo ruhusa ya njia za muda, kwa kukubaliana bwana na bibi, hasa afya ya mama ikiwa hatarini.

Makanisa ya uamsho hayana sauti moja, kila mchungaji anafundisha kivyake. Ndiyo maana habari ya Yudith na ya taa ya mama kipofu zinaweza kuwasaidia wachungaji pia. Aya ya Mwanzo haikuanza kusomwa jana, na walioisoma kwanza waliweka ulinzi kando yake.

Sheria ya Kongo inasema nini

Nchi yetu ina sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, inayohusu afya ya watu wote. Sheria hiyo inampa mtu mwenye umri wa kuzaa haki ya kupata njia ya kupanga uzazi, baada ya kuelezwa vizuri. Kwa watu waliooana kisheria, inataka wote wawili wakubaliane juu ya njia. Na wasipokubaliana? Sheria inajibu: matakwa ya yule anayehusika, yaani ambaye njia hiyo itatumika mwilini mwake, ndiyo yanashinda.

Maana yake, bwana akikataa na bibi anataka implanti mkononi mwake, neno la mwisho ni la bibi. Pia tangu mwaka 2016 sheria ya familia iliyorekebishwa iliondoa ile ruhusa ya bwana ambayo mwanamke aliyeolewa aliihitaji zamani kwa kila tendo la kisheria. Na Mkataba wa Maputo wa mwaka 2003, ambao Kongo imeukubali, unampa mwanamke haki ya kuamua kama atazaa, watoto wangapi, na kwa nafasi gani.

Sheria haitaki bwana atupwe nje. Ugonjwa wa kichwa unatibika vizuri zaidi bwana akiwa karibu, akichukua mtoto usiku, akimwacha mama alale. Lakini kushauriana si sawa na kuomba ruhusa.

Kuchagua njia wakati kichwa kinaugua

Hapa kuna mambo ambayo mama na bwana yake wanapaswa kuyajua kabla ya kukaa mbele ya muuguzi.

La kwanza, depresioni haimzuii mwanamke kutumia njia yoyote. OMS inasema mwenye depresioni anaweza kutumia vidonge, sindano, implanti au kitanzi. Kuna wanawake wanaosema homoni zinawabadilisha moyo, na uchunguzi mkubwa uliofanyika Denmark na kutangazwa mwaka 2016 uliona uhusiano kati ya homoni hizo na depresioni kwa baadhi yao. Ikitokea hivyo, mama asinyamaze na asiache ghafla bila kuweka nyingine mahali pake. Arudi, aseme, abadilishe.

La pili, dawa zinaweza kugongana. Wagonjwa wa akili na wa kifafa mara nyingi wanapewa karbamazepini au fenobarbitali. Dawa hizo zinapunguza nguvu ya vidonge na ya implanti, hata mimba inaweza kushika. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haziguswi na tatizo hilo. Kwa hiyo mama amwonyeshe muuguzi kila dawa anayomeza.

La tatu, dawa inayoitwa valproati inaweza kumharibu mtoto tumboni. Mwanamke anayeimeza na anaweza kushika mimba anahitaji kuzungumza na munganga bila kuchelewa. Asiiache mwenyewe, maana ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu.

La nne, muda. Implanti inaweza kuwekwa hata siku chache kisha kuzaa, na inafanya kazi miaka mitatu au mitano kulingana na aina. Kwa anayenyonyesha, sindano huanza wiki ya sita. Kitanzi kinawekwa ndani ya saa 48 kisha kuzaa, au kuanzia wiki ya nne. Kunyonyesha peke yake kunazuia mimba tu ikiwa mambo matatu yako pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa ya mama tu mchana na usiku, na damu ya mwezi haijarudi.

Wakazi wa Lualaba watapenda kujua kwamba kitanzi hicho hakina homoni hata kidogo. Kinachofanya kazi ni shaba, ile ile tunayoichimba. Inazuia mbegu ya mwanaume isifike kwenye yai, na inaweza kukaa miaka 10. Mama akitaka mtoto, kinatolewa na uzazi unarudi.

La tano, kupanga uzazi si dawa ya depresioni. Kunampa mama muda ili mimba nyingine isimkute bado mgonjwa. Ugonjwa wenyewe unataka matibabu yake: mtu wa kuzungumza naye, usingizi, na wakati mwingine vidonge, ambavyo baadhi yake vinafaa hata kwa mama anayenyonyesha. Wauguzi wanaweza kutumia maswali 10 ya kipimo cha Edinburgh, kilichotungwa mwaka 1987, ili kujua nani anaumwa. Kwa hali ngumu, kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain kiko Lubumbashi.

Na mama akisema anataka kufa, au kwamba watoto wake wangekuwa heri bila yeye, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Neno kwa wanaoulizwa

Katika mji huu, mtu wa kwanza kuulizwa mara nyingi si munganga. Ni mama mkwe, ni mchungaji, ni padri, ni imamu, ni bibi wa mchungaji. Kila mmoja wao anaweza kumuuliza mama maswali mawili kabla ya kutoa jibu lolote: unalala? na unawaza nini ukiwa peke yako na mtoto? Majibu ya maswali hayo yanasema kama huyu ni mtu wa kufundishwa aya, au mtu wa kupelekwa kwa munganga kwanza.

Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu anaweza kurudi kituo cha afya kesho asubuhi. Akienda na bwana yake, ni vizuri zaidi. Akienda peke yake, sheria ya nchi iko naye.